Vinanda viwili, besi moja: kwa wanaoanza jazi laini Malindi

Kaskazi ikikaribia, hunijia vijana wawili wawili. Wana vinanda vyao, wameshapiga kanisani au kwenye harusi, na wamesikia kwamba hoteli za Malindi zinataka watu wa kupiga jazi laini wageni wakiwa mezani. Ombi lao la kwanza karibu siku zote ni lilelile: "Mwalimu, tupe nyimbo." Siwapi. Nawauliza kwanza: nani kati yenu atapiga besi? Hutazamana, kila mmoja akidhani ni mwenzake. Hapo nimeshajua tutaanzia wapi.

Basi haya ninayoyaandika ni kwa wale ambao hawajanifikia, na kwa wale waliopata kazi tayari ila wanaona wageni wanahama meza za karibu na spika.

Nianze na mvuto wenyewe, maana asiyejua watu wanapenda nini hawezi kuwapa. Jazi laini ya kielektroniki ni muziki wa nafasi. Mwendo ni wa wastani, mapigo tisini na kitu kwa dakika. Besi, yaani noti za chini, inatembea bila haraka, kordi, zile noti zinazopigwa pamoja, zimefunguka, lahani, ule wimbo wenyewe wa juu, inakuja, inasema lake, inaondoka. Raha ya msikilizaji ni kwamba kila sauti ina mahali pake na hakuna inayoikanyaga nyingine. Mtu anakula samaki wake wa kupaka, anaongea na mkewe, muziki unapita kati ya maneno yao. Akimaliza kula anaagiza kahawa, halafu kahawa nyingine, na ukimuuliza kilichomkalisha hatakutajia wimbo hata mmoja.

Wapo wanaoudharau wakiuita muziki wa lifti. Sibishani nao sana. Jazi laini mbovu ipo tele, imepigwa na watu wasiosikilizana, na hiyo kweli wacha ikae kwenye lifti. Lakini mtu akikwambia ni muziki rahisi, mwambie akae mwenyewe apige noti sita katika muda ambao vidole vyake vinataka kupiga thelathini.

Watu wawili wa vinanda wana faida kuliko bendi ya watu sita: wa kukubaliana ni wawili tu. Wana pia tatizo ambalo bendi haina. Mpiga gitaa la besi hawezi kujigeuza fidla, na mpiga ngoma hawezi kujigeuza saksafoni. Kinanda kinaweza kujigeuza chochote. Kwa hiyo mnapokaa wawili, kila mmoja amebeba bendi nzima kwenye kidole gumba, na kwa kuwa ameizoea akiwa peke yake, ataileta yote. Mkono wake wa kushoto unapiga besi kwa mazoea, wa kulia unapiga kordi na lahani pamoja, na mwenzake anafanya vivyo hivyo. Hapo mmekuwa bendi mbili zinazopiga wimbo mmoja.

Tiba yake ninaisema hivi: mikono ni minne, kazi ni tatu. Besi, kordi, lahani. Mkono wa nne upumzike. Mara moja moja utaongeza nyuzi nyepesi kwa nyuma au utageuza kitufe cha kuifungua sauti, lakini ajira yake ya kudumu ni mapumziko. Kijana aliyetoka kanisani, ambako kinanda kimoja hubeba kwaya nzima, huona jambo hili kama adhabu. Vumilia.

Sasa kaeni mbele ya vinanda, nataka mlisikie kwa masikio yenu. Mmoja ashike A, C, E na G karibu na C ya katikati, kwa sauti ya piano ya umeme, na asitoke hapo. Mwenzake apige noti moja tu chini kwa mkono wa kushoto. Akipiga A, mmepata A maina ya saba, ina huzuni kidogo. Akishuka F, kordi imekuwa F meja yenye saba na tisa, na chumba kimefunguka. Akipiga D, kordi inaning'inia, haijaamua iende wapi. Akipiga C, imetulia. Akijaribu B flati, inakuja rangi ya ajabu kidogo, ya kutumia kwa uchache mwishoni mwa wimbo. Wakati huo wote aliyeshika zile noti nne hajasogeza hata kidole kimoja. Maana ya alichoshika imebadilishwa na mwenzake.

Hapo ndipo penye siri ya muziki huu ukipigwa na wawili, na ndiyo maana nauliza habari za besi kabla ya habari za nyimbo. Mwenye besi ndiye anayeamua kordi inaitwa nani. Wewe wa juu huna haja ya kupiga mzizi wa kordi, ile noti inayoipa jina, kwa sababu yeye anao. Ukiurudia unaongeza uzito bila kuongeza maana. Na yeye wa chini hana haja ya kujaza, kwa sababu wewe umeshika rangi. Ugumu uko kwa aliyeambiwa asisogee. Baada ya mizunguko michache vidole vinawasha, anaanza kuongeza vijinoti vya kupamba, na ile hali ya kufunguka na kufunga inapotea. Mazoezini nampiga marufuku kabisa kuongeza chochote mpaka aweze kushika kordi ile kwa dakika kadhaa huku akimsikiliza mwenzake tu.

Mkishaizoea, ingieni kwenye mzunguko ambao masikio ya watu wengi yanaujua hata kama hawajui wanaujua. Mpiga saksafoni Grover Washington Jr. na mwimbaji Bill Withers waliusambaza duniani kwa wimbo Just the Two of Us, uliomo kwenye albamu Winelight ya mwaka 1980. Ukiuhamishia penye vitufe vyeupe unakuwa hivi: F meja ya saba, E ya saba, A maina ya saba, halafu G maina ya saba na C ya saba ambazo zinakurudisha F. Mwenye besi anapiga mizizi hiyo tu. Mwenye kordi anaanza na zile zile A, C, E, G juu ya F. Ikija E, vidole vyote vinne vinashuka hatua moja: G shapu, B, D, F. Ikija A maina, vinarudi vilipotoka. Ikija G maina, A inabaki na wengine wanashuka: A, B flati, D, F. Kwenda C ni kidole kimoja tu kinachosogea, F inakuwa E. Kisha mnarudi mwanzo. Tazama mkono ulivyotulia mahali pamoja mzunguko mzima! Huo ndio ulaini wenyewe. Mkono unaorukaruka kutoka kordi hadi kordi, kila moja ikianzia kwenye mzizi wake, hautasikika laini hata ukiweka sauti ghali ya namna gani.

Chini kuna sheria moja ya kuishika kabla hujaijua sababu yake. Ukishavuka C inayofuata chini ya ile ya katikati, yaani iliyo oktava moja chini yake, usipige noti mbili zilizokaribiana. Huko chini ni noti moja, au noti na oktava yake, au ya tano yake ukiwa na sababu. Noti za tatu zikishuka huko zinakuwa tope, na kwenye kumbi zetu za makuti zilizo wazi tope hilo huwafikia watu wa mbali kabla ya lahani.

Besi ya kinanda inadharauliwa na wanaoanza, wanaiona kazi ya msaidizi. Sikilizeni mwanzo wa albamu Head Hunters ya mpiga piano Herbie Hancock, ya mwaka 1973. Besi ile inayouvuta wimbo wa kwanza haikupigwa kwa gitaa. Ni sinthesaiza, kinanda kinachounda sauti kwa umeme, iitwayo ARP Odyssey, na aliyeishika ni mwenye albamu mwenyewe. Kama mtu wa kiwango chake aliona inafaa afanye kazi hiyo kwa mkono wake, wewe wa Malindi unaikataa kwa lipi? Ipige kwa noti fupi. Noti ya besi iishe kabla ya ijayo kuanza, na mara nyingine iache pigo zima likiwa tupu. Na usikanyage pedali ya kurefusha sauti. Kama umekigawa kinanda chako, besi kushoto na sauti nyingine kulia, pedali kwa kawaida hushika pande zote mbili, noti za besi zinarundikana juu ya nyingine na hakuna anayejua tena uko kordi gani.

Kuhusu sauti za kuchagua, ni vizuri kujua zilikotoka, maana ndiyo njia ya kujua zinataka kupigwaje. Ile piano ya umeme iliyomo kwenye kila mashine siku hizi inakiiga kinanda cha Harold Rhodes, Mmarekani, mwalimu wa piano. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliunda vinanda vidogo kwa vipuri vya ndege ili wanajeshi waliojeruhiwa wajifunze wakiwa kitandani. Rhodes iliyokuja baadaye ina nyundo zinazogonga vijiti vyembamba vya chuma, na mtetemo wake unanaswa kwa umeme kama wa gitaa. Ukiigusa taratibu mlio ni wa mviringo, wenye kakengele kadogo mwanzoni. Ukiigonga kwa nguvu inakoroma. Anayejua hilo hatapiga nguvu moja mwanzo mpaka mwisho. Atagusa, kisha atagonga mara moja mahali panapostahili.

Mwaka 1983 Yamaha ikatoa sinthesaiza iitwayo DX7. Hiyo haina nyundo wala vijiti. Inaunda sauti kwa hesabu, kwa njia ya FM, wimbi moja la sauti kulitikisa jingine, ambayo John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford aliigundua mwaka 1967. Piano yake ya umeme ni angavu zaidi, ina kioo ndani yake, na ndiyo iliyojaa kwenye nyimbo taratibu za mapenzi za miaka ya themanini. Kwa watu wawili tofauti hii ina faida ya moja kwa moja. Mmoja achukue mlio wa Rhodes, akae katikati na kordi zake. Mwingine, zamu ya lahani ikija kwake, achukue ule wa kioo au sinthesaiza yenye mlio mwembamba, akae juu. Wote wawili mkichagua Rhodes kwa sababu wote mnaipenda, mtakuwa mnapiga kinanda kimoja chenye mikono mingi mno.

Mwangwi punguzeni. Sauti nyingi za kiwandani huja na mwangwi mwingi ili zipendeze dukani. Ukumbi una mwangwi wake.

Mashine nyingi zinazouzwa hapa kwetu zina staili, ile bendi inayojipiga ukishika kordi. Zimeni. Nasema hivyo najua wako wanaoishi kwa staili na wanapata riziki yao, na kwa mtu mmoja kwenye harusi sina neno. Lakini jazi laini ya watu wawili ikiwa na staili, mmekuwa abiria. Mashine haijui kwamba mwenzako amenyamaza kidogo kwa makusudi, itaijaza ile nafasi.

Mdundo wenu utengenezeni wenyewe, kidogo kidogo. Vitu vitatu vinatosha kuanzia: kiki, yaani ngoma kubwa ya chini, mlio wa pembeni wa ngoma ndogo, na tasa. Kosa ninalolisikia zaidi liko kwenye tasa. Katika MIDI, ile lugha ambayo vinanda vya umeme huongea, nguvu ya kila mguso huandikwa kwa namba, kuanzia 0 hadi 127. Anayeanza huacha kila pigo la tasa kwenye namba moja, na sikio likisikia kitu kisichobadilika hata chembe huchoka haraka. Weka moja 90, inayofuata 55, nyingine 70, halafu 50. Hujabadilisha noti wala mwendo, na ghafla kuna mtu anapiga. La pili ni kuchelewesha. Mashine zina kipimo cha mnyumbuko kinachosogeza mapigo ya katikati: asilimia 50 ni sawasawa kabisa kama askari wa gwaride, na kwenye 66 hivi pigo limegawika kwa utatu. Jazi laini hukaa kati ya hizo mbili, karibu zaidi na 50. Jaribu 54, jaribu 58, mpaka mguu wako wenyewe uanze kutikisika.

Mashine zikiwa mbili, moja tu ndiyo iongoze mwendo, nyingine iifuate kwa waya wa MIDI. Waya huo haubebi sauti. Unabeba amri: noti gani imeguswa, kwa nguvu gani, imeachwa lini, na mwendo unakwendaje. MIDI nayo ilizinduliwa mwaka huohuo wa 1983, ikaonyeshwa hadharani huko Marekani kwa kuunganisha kinanda cha Sequential na cha Roland, makampuni mawili yaliyokuwa yakishindana. Mpaka leo kinanda chako cha mtumba kitaelewana na cha mwenzako kilichotoka kiwandani juzi, bora vyote viwili viwe na matundu ya waya huo, na yawe mazima.

Sisi wa pwani, kwa upande wa kusikilizana, tumeanza mbele. Aliyekulia kwenye taarabu anajua kwamba mwimbaji akimaliza mshororo, ala zinaitika, na hakuna anayeitika mwingine akiwa bado anasema. Msikilizeni Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, namna udi wake unavyomjibu yeye mwenyewe. Sikilizeni pia bango, mtindo wa muziki wa pwani, ya mzee Joseph Ngala, saksafoni inavyokaa juu ya mwendo uliotulia. Ukishayasikia hayo, nenda kwa mpiga vinanda Bob James, kwenye wimbo Angela ya mwaka 1978, ambayo ilikuwa muziki wa kipindi cha televisheni cha Taxi, usikie piano ya umeme inavyoimba bila haraka. Kisha watafuteni Herbie Hancock na mpiga piano mwenzake Chick Corea kwenye maonyesho yao ya mwaka 1978, piano mbili za kawaida, hakuna ngoma, hakuna besi, hakuna umeme. Hiyo si jazi laini hata kidogo, ina moto. Lakini ni darasa la wawili: mmoja akipanda, mwingine anashuka; mmoja akijaza, mwingine anaacha. Sijui darasa jingine lililo bora kuliko hilo na halina ada.

Tuje kwenye hoteli.

Ukifika, usitege vinanda kabla hujazunguka meza. Tazama upepo unatoka wapi, maana kusi na kaskazi hubeba sauti kwa namna tofauti, na ukumbi ule ule uliopiga vizuri Januari utakushangaza Agosti. Spika zisielekezwe kwenye meza ya karibu. Ziinue juu ya vichwa vya waliokaa na zitazame katikati ya ukumbi. Pimeni sauti kwa mazungumzo: mmoja apige, mwingine akae kwenye meza ya katikati na mhudumu waongee kwa sauti ya kawaida. Mkilazimika kuinua sauti, punguzeni. Na besi ikipotea kwenye spika ndogo, msiisukume kwa kitufe cha sauti. Spika ndogo haiwezi kutoa noti za chini kabisa, utaichosha bure. Pandisha mstari wa besi oktava moja, au chagua besi yenye mlio kidogo wa juu ili sikio liipate.

Mheshimu mhudumu. Yeye ndiye anayepita kwenye meza zote na kusikia ambayo wewe huyasikii. Akikujia taratibu akasema, "Kaka, meza ya kona wanaomba mpunguze kidogo," jibu ni moja tu: "Sawa, ndugu yangu, ahsante," na mkono uwe umeshafika kwenye kitufe. Nimewaona vijana wenye vipaji wakikunja uso mbele ya mhudumu, na msimu uliofuata mahali pao palikuwa na watu wengine ambao si hodari kuwashinda.

Mahali penye msikiti karibu, adhana ikianza tunaacha. Nasema tunaacha, sisemi tunapunguza. Jueni saa ya Isha kabla hamjaanza, na mpange wimbo uishe mapema, ili msikatike katikati kama waliofumaniwa. Wageni hawajawahi kunilalamikia kwa hilo. Wengine huweka uma chini wakasikiliza.

Malindi ina Waitaliano wengi, wakazi na wageni, na wataomba nyimbo za kwao. Jifunzeni angalau chache. Ule wa mwimbaji wao Domenico Modugno wa mwaka 1958, ambao watu wanauita Volare, hauna budi kuwa mikononi mwenu, kama ambavyo Jambo Bwana ya Them Mushrooms haikwepeki popote penye watalii kwenye ufuo huu. Msiipige kama ilivyo. Ipunguzeni mwendo, wekeni kordi zenu zilizofunguka chini yake, lahani iacheni wazi ili mtu aitambue. Mzee wa Kiitaliano akianza kuimba kwa sauti ya chini kwenye meza yake, msimwongezee sauti kumfurahisha. Mfuateni yeye.

Ufundi mwingine uko kwenye matunzo ya mashine, na hapa pwani huu unaokoa fedha nyingi. Hewa yetu ina chumvi. Chini ya kila kitufe cha kinanda kuna miguso miwili ya mpira, na mashine inapima muda kati ya mguso wa kwanza na wa pili ili ijue umepiga kwa nguvu gani. Vumbi na unyevu wa chumvi vikikaa kwenye mguso mmoja, hesabu inaharibika: noti moja inaanza kupiga kelele ghafla hata ukiigusa kwa upole, au hailii kabisa. Vijana hudhani kinanda kimekufa, wanakiuza kwa bei ya hasara. Mara nyingi kinahitaji kufunguliwa tu, miguso ipanguswe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti safi, ikauke, ifungwe. Kama hujawahi kufungua, mpelekee fundi wa redio anayejua vinanda, usijifunzie kwenye mashine inayokulisha. Kila usiku ukimaliza, futa vitufe kwa kitambaa kikavu, funika, na usikiache kinanda kwenye varanda hata kama mlinzi ni rafiki yako.

Stima ni habari nyingine. Ikipotea na kurudi ghafla inaweza kuichoma mashine, kwa hiyo nunueni kifaa cha kulinda umeme kabla ya kununua spika ya pili. Hifadhini sauti zenu ndani ya kumbukumbu ya mashine na nakala kwenye fleshi. Na mkubaliane kabisa mtafanya nini stima ikikatika katikati ya wimbo. Sisi mmoja anabaki amekaa mahali pake akitabasamu, mwingine anakwenda kumwona meneja. Kuondoka wote wawili kunawatia wageni wasiwasi.

Malipo yaandikeni. Hata karatasi moja yenye saa za kuanza na kumaliza, kiasi, siku ya kulipwa, na kama chakula na usafiri wa kurudi usiku vimo. Tuktuk ya kubeba vinanda viwili na spika saa tano za usiku si bei ya mchana. Meneja mzuri hakasiriki ukimwomba karatasi. Jueni pia kwamba mvua za masika zikianza, hoteli nyingi hupunguza kazi au hufunga kwa muda, kwa hiyo ya Disemba msiyale yote Disemba. Miezi ile ya ukimya ndiyo ya kutengeneza nyimbo zenu wenyewe, maana anayepiga za wengine tu atabadilishwa siku yoyote na anayezipiga kwa bei ya chini.

Na katika kutengeneza huko, msianze na lahani. Anzeni na besi na kordi, mzunguko mfupi unaoweza kusikilizwa kwa dakika kumi bila kuchosha. Ukichosha bila lahani, lahani haitauokoa. Ukiwa mzuri, lahani huja yenyewe, na mara nyingi ni fupi kuliko mlivyotarajia. Mkitaka iwe na harufu ya kwetu, jaribuni kuweka mwendo wa chakacha chini, ule wa mapigo sita, lakini upigwe kwa tasa na kiki ya kielektroniki kwa sauti ndogo mno, besi ikikaa nyuma yake kidogo. Mimi na mwenzangu tuna wimbo wa namna hiyo ambao hatujaupa jina bado. Wageni wa nje wanatikisa vichwa bila kujua kwa nini, na wapishi wanatoka jikoni.

Mkipata kazi, usiku wa kwanza rekodini. Msiiweke simu juu ya kinanda. Mpeni mhudumu aiweke kwenye meza ya mbali kabisa, karibu na bustani, irekodi kuanzia mwanzo mpaka mwisho pamoja na vyombo na vicheko. Kesho yake kaeni wawili mwisikilize. Kila mmoja aandike sehemu ambazo yeye alipaswa kunyamaza. Asiandike za mwenzake.